Mikungu Michanga ya Sikukuu ya Mavuno

Atupele mjukuu wangu,

Ugonile. Huku Masukulu mvua haijapumzika, na bibi yako anakusalimu huku akinisimamia niandike vizuri.

Unauliza kama kumeza vidonge ni kukosa imani, maana wenzako wa maombi wanataka uviache. Ugonjwa huo wa hisia kupanda na kushuka umeurithi kwangu, pamoja na masikio makubwa. Pole kwa vyote viwili.

Nikiwa kijana niliombewa, nikajiona nimepona, nikaacha dawa. Baada ya wiki chache nikawa silali, nimejaa furaha kupita kiasi. Ilipofika sikukuu ya mavuno nilikata ndizi zote shambani, hata mikungu michanga kabisa, nikapeleka kanisani. Nilijua hakuna mtoaji kama mimi.

Mchungaji aliminya ndizi moja. "Mwanangu, hizi Mungu alikuwa bado anazikuza," akasema. "Ungemwacha amalize."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kisha akanishika mkono mpaka nyumbani, akamwomba bibi yako vidonge na kikombe cha maji. Akaviombea kama anavyoombea chakula.

"Sema amina," akaniambia. "Haya, meza."

Mpaka leo nafanya hivyo. Na bibi yako mpaka leo akipika ndizi huniuliza kama zimekomaa.

Jioni ukishakula, viombee vyako, umeze. Saa hiyo nami nitakuwa nameza vyangu, na amina yangu nitaisema kwa ajili yetu sote wawili.

Babu yako