Ukurasa Niliouruka

Jumatatu, 4 Agosti

Chupa tatu dirishani. Msumari mkavu, msumari kwenye maji ya bomba, msumari kwenye maji ya chumvi ya kisima cha shule. Leo siku ya tano. Wa kisimani umeanza kushika kutu. Darasa la Saba B wanajaza jedwali: kabla, baada. Watoto tisini na mmoja, vitabu sita. Wanasoma wakiwa wamelaliana mabegani.

Ugomvi dawati la nyuma, nani ashike kitabu. Nikawatandika wote wanne. Pakatulia.

Matokeo ya mtihani wa ujirani mwema yamekuja, ule tunaotunga pamoja shule tano za huku Mbagala. Sayansi tumeshika mkia. Wengi wamekosa maswali ya mabadiliko ya kikemikali. Mwalimu mkuu alisoma matokeo mbele ya walimu wote huku akinitazama mimi tu. Na mtihani wa taifa ni wiki tano zijazo. Nimechukia mpaka masikio yanavuma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimewapiga. Kila swali la mabadiliko ambalo mtoto amekosa, fimbo moja ya mkononi. Ndivyo nilivyofundishwa mimi kule Njombe, na nilifaulu. Kanuni nazijua: mwalimu mkuu aidhinishe, fimbo zisizidi nne, msichana achapwe na mwalimu wa kike. Leo sikutaka kuzisikia.

Fimbo ya mpera. Inalia hewani kabla haijafika. Kufikia mtoto wa arobaini bega lilikuwa linaniuma, na hilo nalo likanikasirisha.

Somoe alikosa moja tu. Msichana mdogo, mpole, anakaa karibu na dirisha. Baba yake mchonga vinyago. Swali lilikuwa: mshumaa ukiwaka, nta hupata badiliko gani? Mwongozo wa kusahihishia unasema la kiumbo, kwa kuwa nta huyeyuka na kuganda tena. Yeye aliandika yote mawili, la kiumbo na la kikemikali.

Nikamwambia nyoosha mkono. Akanyoosha. Kisha akasema, "Mwalimu, kitabuni wameandika hivyo." Mbele ya darasa zima. Nikapandwa na hasira. Nikashusha kwa nguvu zangu zote. Akageuza mkono, fimbo ikatua juu ya vidole. Nilisikia mlio. Nikajiambia fimbo imepasuka.

Nimeikagua baada ya vipindi. Haina hata ufa.

Jumatano, 6 Agosti

Somoe hakuja. Mwenzake wa dawati aliniamkia akiwa amesimama mbali. "Somoe kapelekwa hospitali. Mkono umevimba kama andazi."

Saa nne nikachukua kitabu. Sura ya mabadiliko ina ukurasa wa mshumaa. Niliuruka muhula wa kwanza kwa sababu sikuwa na mishumaa ya jaribio. Nikausoma nimesimama. Nta inayochuruzika ubavuni imeyeyuka tu, itaganda, ni ileile. Nta inayopanda kwenye utambi inaungua. Inatoa mwanga, joto na moshi, na haipatikani tena.

Yote mawili. Mwongozo ulikosewa. Mtoto alisoma, mwalimu hakusoma.

Nilikirusha kitabu ukutani. Jalada likang'oka. Nikakiokota kabla darasa halijaingia.

Alhamisi, 7 Agosti

Vidole viwili vimevunjika. Mkono wa kulia. Amefungwa hogo la plasta mpaka karibu na kiwiko, gumu, jeupe. Mama yake ameleta cheti cha daktari: wiki sita. Mtihani utamkuta nalo mkononi. Hawezi kushika penseli. Miaka saba ya shule, halafu ashindwe kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu kwa sababu yangu.

Mwalimu mkuu aliniita akafunga mlango. Akanisogezea kitabu cha matukio. "Andika alianguka kwenye netiboli. Tusiharibiane, ndugu yangu." Nikaandika. Mwandiko mzuri, herufi zimesimama. Mama mtu alikuwa nje, anainuka kwenye benchi; nikampisha njia, akanishukuru.

Najichukia. Namchukia mwalimu mkuu. Namchukia aliyetunga ule mwongozo. Na kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa, namchukia pia mtoto kwa kugeuza mkono.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Hakuna shule. Nimefua. Mlango wa bafu ulikwama, nikaupiga ngumi mpaka ukapasuka na ngozi ikanitoka. Nikakaa juu ya ndoo natazama damu ikigeuka rangi. Nimemkumbuka baba na mkanda wake. Alikuwa akiukunja vizuri kila akimaliza.

Jumatatu, 11 Agosti

Kipindi cha pili. Niko ubaoni. Akaingia mwanamume mfupi, mabega mapana, vumbi la mpingo kwenye nywele. Mkononi tezo, lile shoka dogo la kuchongea. Hakupiga hodi.

"Wewe ndo mwalimu wa sayansi?"

Nikasema ndiyo.

"Nyoosha mkono."

Alisema taratibu, kama ninavyosema mimi. Sikunyoosha. Akanikamata kifundo, akaubana mkono wangu mezani. "Eti netiboli. Mwanangu hachezagi netiboli. Akitoka shule ananipigia msasa." Akainua tezo. Nikajikojolea. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tezo likashuka, likazama kwenye mbao, pembeni kabisa ya kidole changu cha shahada. Nadhani alikusudia meza. Sijui.

Watoto wakapiga mayowe. Mwalimu Mathayo wa darasa la jirani akachungulia, akaona shoka, akapayuka, "Jambazi! Jambazi!" Baba Somoe akaliacha tezo pale pale mezani, akatoka mbio.

Getini kuna bodaboda. Wao walisikia jambazi, hawakusikia kingine. Wakampiga mtama. Mateke ya mbavu, mateke ya uso. Mmoja akaja na tofali. Mwingine akalaza pikipiki yake, akafungua tangi, akawa anaomba chupa. Harufu ya petroli ilinifikia kabla sijafika mwenyewe.

Hapa ndipo pabaya. Nilifika, nikasimama. Nikawaza: akifa huyu, hakuna wa kuuliza habari za mkono. Niliwaza hivyo, kwa maneno hayohayo. Tofali likampata sikioni. Nilisikia.

Ndipo nikajitosa katikati. Nikala ngumi mbili za mdomo, walidhani ni mwenzake. Nikapiga kelele, "Si mwizi! Ni mzazi! Mie ndo nimemvunja mwanawe mkono! Mie!" Nikarudia mpaka sauti ikakatika.

Wakaacha mmoja mmoja. Yule wa petroli akanisogelea. "We ticha ndo umevunja mtoto?" Nikasema ndiyo. Akanizaba kofi la nguvu, akafunga tangi lake, akainua pikipiki.

Baba Somoe alikuwa amelala kifudifudi. Mchanga ulikuwa umelowa chini ya kichwa chake. Nilimbeba miguu, bodaboda wakambeba mabega.

Jumanne, 12 Agosti

Jino moja linacheza. Nimekata kwa mstari nilichoandika kwenye kitabu cha matukio. Chini yake nimeandika: Nilimpiga mimi. Jibu lake lilikuwa sahihi. Nikasaini. Mwalimu mkuu akasoma, akatoka na kitabu kwapani.

Jioni nikaenda hospitali. Ameshonwa kichwani nyuzi kumi na moja. Jicho la kushoto limefunga kabisa. Mkewe alikuwa akimnywesha uji, na Somoe ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikasimama mwisho wa kitanda. Nikasema nisamehe. Nikasema mwanao alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.

Alimeza uji kwanza.

"Nilikuona pale getini," akasema. "Nilikuona umesimama."

Nikaondoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Somoe amerudi shule. Hakuniamkia, na sikumtaka aniamkie. Wakati wa mapumziko alikuwa peke yake dirishani, anaweka vivuli kwa mkono wa kushoto. Penseli inamteleza, kivuli kinatoka nje ya duara, anafuta, anarudia. Karatasi imetoboka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitaka kumpiga mtu. Mtu huyo ni mimi.

Alhamisi, 21 Agosti

Barua imekuja kutoka idara ya elimu. Nasimamishwa kazi kuanzia Jumatatu mpaka uchunguzi uishe. Ni haki. Nimeogopa hata hivyo.

Fimbo yangu haipo ofisini. Mathayo ameichukua. Amesema yake imevunjika.

Ijumaa, 22 Agosti

Kipindi changu cha mwisho. Nilinunua mishumaa sita, mmoja kwa kila kitabu. Msumari wa kisimani umevaa kutu mwili mzima. Wa bomba nusu. Ule mkavu unang'aa bado.

Nikawaambia swali la mshumaa nililisahihisha vibaya, na waliosema yote mawili walikuwa sahihi. Alikuwa mmoja tu. Nikamwomba Somoe asome ukurasa. Akasoma kwa sauti ndogo bila kukwama. Wakawasha. Wakaandika: nta imechuruzika, nta imeganda, utambi mweusi, moshi, joto. Jedwali la Somoe, la mkono wa kushoto, lilikuwa limepinda lakini linasomeka. Kwenye karatasi ya mazoezi vivuli vyake sasa vinakaa ndani ya duara. Tisa kati ya kumi.

Moshi ukazidi. Nikamwinamia Somoe kidogo ili nifungue dirisha, nikainua mkono.

Somoe akajikunyata, hogo juu ya kichwa. Wa pembeni yake naye akajikinga, na wa nyuma, na safu yote mpaka ukutani. Mshumaa mmoja ukaanguka, ukazimika.

Nikashusha mkono. Nikarudi nyuma mpaka ubaoni, nikakaa kwenye kiti.

"Somoe," nikasema, "tufungulie dirisha, tafadhali."

Kisha akasogeza zile chupa tatu, akafungua kwa mkono wa kushoto. Moshi ukatoka. Wakaendelea kuandika.