Saa ya Kompyuta Niliyoirudisha Nyuma

Swaibu,

Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike, na redio yetu ya mtaa wa Namuwongo bado inasema. Kompyuta yako iko pale pale chini ya dirisha linalotazama reli. Programu uliyoiandika ya kutoa matangazo ya vifo inafanya kazi. Nakuandikia kwa sababu kuna siku moja haikufanya kazi, na siku hiyo ilikuwa yako.

Unakumbuka tulivyobishana. Nilitaka kompyuta ya studio ihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapochomoza. Nimeandika makala ngapi kuwaambia watu wa mji huu kwamba Kiswahili si lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, kama walivyokizoea enzi za jeshi? Halafu naingia studio ya Kiswahili saa nne asubuhi, mashine inaniambia ni saa kumi. Nilikuamuru ubadilishe saa ya mashine yenyewe. Ukacheka. "Wewe bana, utagombana mpaka na saa ya ukuta."

Kisha ukanieleza, chapati mkononi. Programu ni mgeni, ulisema. Haina saa yake, haina faili zake, hata sauti haina. Kila kitu inamwomba mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mfumo endeshi, unaoendesha mashine nzima. Katika programu yako mstari mmoja ulikuwa unamuuliza, sasa ni saa ngapi, na mstari wa pili unatoa sita ili kupata hesabu yetu. Nikitaka Kiswahili, ulisema, nikitafute hapo ndani. Saa ya mwenye nyumba isiguswe, maana hujui nani mwingine anaiuliza. Nikakuita kasuku wa Wazungu. Ukamaliza chapati yako.

Ulipolazwa ulininong'oneza neno la siri la kompyuta ili matangazo ya watu yasisimame. "Weka faili tu, ndugu. Usifungue kingine." Jioni ile ile nilifungua mipangilio nikairudisha saa ya mashine nyuma kwa saa sita. Nilifanya kwa raha. Nilijiambia utatoka wodini unikute nimeshinda.

Ulifariki kabla ya alfajiri. Asubuhi nilirekodi tangazo lako kwa sauti yangu, kwamba mazishi ni leo baada ya swala ya alasiri. Nikalipanga litoke saa nne, nikakimbilia kwako. Sikutazama hata saa iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Programu yako ilipouliza, mfumo endeshi ulijibu kile nilichoulazimisha kujibu, nayo, bila kujua, ikatoa sita tena. Saa nne ikapita kimya. Tangazo lilitoka saa kumi jioni, tukiwa tunainua jeneza. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kwenye redio ya jirani, nikaelewa hapo hapo.

Mjomba wako Mzee Juma, aliyekulea kule Bombo, nje ya mji, hana simu tangu ile yake iharibike. Yeye husubiri redio. Mkeo Hadija alitaka kumtuma mtu amfuate, nikamzuia. Nilimwambia redio itafika kabla ya pikipiki. Mzee alifika magharibi, akakuta kaburi limeshafukiwa. Akamkabili Hadija mbele ya waombolezaji: "Nimesikia jina ya mtoto yangu saa kumi. Mulikuwa munaficha mimi?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Mimi ninayemjibu kila mtu, hata asiyeniuliza, nilitazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo mzee hajakanyaga kwako. Alituma neno kwamba hata arobaini yako hatakuja. Hadija analia zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine, kwa sababu watoto hawana babu mwingine.

Jana nilikwenda Bombo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, unanijua, kuanzia historia ya kuhesabu saa. Mzee alinikata. "Hii mashine, nani aligusa?" Nikasema ni mimi. Akamwita mjukuu alete chai, vikombe viwili. Halafu akasema: "Basi sema kwa redio, kama ulisema jina yake. Watu walisikia ya kwanza, wasikie na ya pili."

Unajua kwamba sijawahi kufuta sentensi niliyoichapisha. Wewe ulikuwa ukisema makala zangu ni nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Leo asubuhi niliirudisha saa ya mfumo mahali pake. Kisha nikafungua programu yako na kuongeza mistari miwili, ndani, pale uliponionyesha. Sasa saa kubwa kwenye kioo inasomeka kwa hesabu yetu, na ya mwenye nyumba haijui lolote. Ulikuwa sahihi. Neno hilo naliandika hapa kwanza ili ulimi uzoee.

Kesho saa nne, saa nne ya kweli, nitasoma tangazo lako upya. Nitasema Hadija hakumficha mtu, na aliyeichezea saa ni mimi, kwa jina langu kamili. Mzee ameniambia atakuwa amewasha redio.

Pumzika, ndugu yangu. Neno lako la siri bado ninalo. Nakuahidi nitaweka faili tu, sitafungua kingine.