Saini Zisizo Zangu

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na mie sina hamu ya kuonana na mtu.

Leo nimekwenda kwenye mkutano wa wazee skulini kwa Nasra, mwanangu wa pekee. Anakaa na mamangu hapa Mtoni. Mimi natandika vitanda hotelini Kendwa, narudi mara mbili kwa mwezi. Mkutano wa skuli sijawahi kuhudhuria hata mmoja.

Nimekaa darasa la tano nusu saa nzima, mpaka mama mmoja aliponiuliza mwanangu ni nani.

Nasra yuko la sita.

Mwalimu wake, Bi Asma, hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Amevuta mtoto wa meza, akatoa barua tatu alizoniandikia: Nasra haoni ubaoni, ananakili kwa mwenzake tangu mwanzo wa mwaka. Chini ya kila barua kuna jibu: "Mama yuko kazini. Atakuja inshallah." Na saini yangu.

Barua zile sikuwahi kuziona.

"Nlijua ni mwandiko wa mtoto, Mama Nasra," akasema. "Nikasubiri uje mwenyewe."

Nimemchukia kwa kule kusubiri. Kwa nini asinipigie simu? Halafu nikakumbuka kuwa namba yangu hana. Nani angempa?

Njiani nikamuuliza Nasra, kwa ukali nnaouonea haya sasa, kwa nini hakunambia.

"Ukija unalala tu, mama. Na mie sikutaka walimu wakuseme."

Mtoto wa miaka kumi na mbili ananisitiri mimi!

Mamangu akauliza mkutano ulikwendaje. Nikamjibu, vizuri. Na huko Kendwa watoto wa wageni nawajua kwa majina, yupi anaogopa maji, yupi hali samaki.

Mchana nikampigia msimamizi wangu, nikaomba Jumatatu nimpeleke mtoto kupimwa macho. Akakubali mara moja. "Wewe hujawahi kuomba ruhusa kwa ajili ya mtoto," akasema. "Wenzako kila siku."

Alidhani ananisifu.

Nimemwambia Nasra kuwa Jumatatu tutakwenda pamoja, kisha nitampeleka skuli mwenyewe, nikazungumze na Bi Asma amkalishe mbele. Ameitikia, "Haya, mama," kwa adabu, vile anavyowaitikia wageni.

Sijui zitahitajika Jumatatu ngapi mpaka aniamini.