Chafya ya Mama Mkwe

Lukozi, Jumanne

Kliniki leo nesi alisema vipande vya vinasaba vya virusi vya mafua vinaweza kutoka kwangu vikamfikia mtoto tumboni, ila nisiogope, huenda vinaizoesha tu kinga yake kupambana na magonjwa. Nikaogopa. Nyumbani nikamkuta mume wangu ana mafua, nikamhamishia stoo, akalale na viazi.

Jioni akaja mama yake na kabichi mbili. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba," akaitikia, kisha akainamia tumbo langu. "Hujambo, mjukuu wangu?" Akapiga chafya palepale.

Sasa mama mkwe unamwambiaje aende stoo?

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Nimemruhusu arudi ndani.

Bado nina wasiwasi. Ila baada ya ile chafya mtoto alipiga teke. Nimeamua ilikuwa shikamoo.