Maji Yalipofika Nikiwa Msichana

Jumatatu, tarehe 6
Wamevipigilia tena. Vigingi vyekundu, mpaka nyuma ya choo changu. Andika, Rukia, usinitazame. Mamako hakusoma, ndiyo nikakuzaa wewe. Yule anayedai ana karatasi ya shamba kaja na mpima ardhi. Kasema shamba ni la babake, toka barabarani mpaka ufuoni, tangu zama za Mwingereza. Mtaa mzima tuhame.

Uongo. Hapa nilipokaa palikuwa bahari. Mwingereza bado yupo, mimi msichana, naokota kombe za pwani hapa hapa, maji kiunoni. Mchanga umeletwa na mto Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto unakuja mwekundu, unamwaga, bahari inarudi nyuma. Nchi inafura kama kitumbua. Vitumbua nimeunguza leo. Hasira.

Jumatano, tarehe 8
Mkutano kwa Mzee Kahindi, mzee wa mtaa. Anataka mbele ya afisa wa ardhi tuseme kauli moja: mababu zetu walizaliwa hapa. Nikasema babu yangu angezaliwa hapa angekuwa papa. Watu wakacheka. Kahindi hakucheka.

"Bi Mwanaisha, mdomo wako utatutoa sote."

"Mimi nitashikishwa msahafu, Kahindi. Wewe na Biblia yako mtajuana."

Nimerudi nyumbani. Naogopa. Nyumba hii ndimo nilimotolea jeneza la babako. Sina nyingine.

Ijumaa, tarehe 10
Majirani hawanisalimu. Mke wa Kahindi kapita na ndoo, kageuza uso. Miaka yote tunaombana chumvi. Haya.

Jumanne, tarehe 14
Nimeshika msahafu, nimesema mbele ya afisa wa ardhi. Bahari, kombe, mchanga, yote. Mwenye karatasi akauliza, sasa hapo akikaa nani? Nikamwambia kaa na pweza.

Afisa akatuleta huku, akaagiza pachimbwe nyuma ya nyumba yangu. Shimo halijafika magotini, kombe hizo, zimejaa. Sikuongeza neno. Mimi huyu.

Afisa akasema babake hakupewa bahari. Karatasi yake mwisho wake ni pale maji yalipofika siku hizo. Sisi tulio kwenye mchanga mpya tutaandikishwa, tubaki. Aliye juu ya mstari huo, upande wa barabarani, yuko shambani mwa mtu, atatoka. Na mstari nitauonesha mimi, Alhamisi, kwa miguu yangu. Wanawake wakanipigia vigelegele. Kahindi alishaondoka.

Nimefika nyumbani ndiyo nikaanza kuzipanga nyumba kichwani. Ipi chini ya mstari, ipi juu.

Jumatano, tarehe 15
Nyumba ya Kahindi iko juu. Ya kwake tu. Pale palikuwa na minazi, tukitoka majini tukianika kanga zetu. Alijua. Ndiyo maana alitaka kauli moja. Nami nikamfanyia mzaha mbele za watu. Naona haya.

Hatua chache tu. Kesho nikipitisha mstari nyuma ya jiko lake badala ya mbele, kapona. Nani atajua? Wote niliookota nao kombe wamekufa. Lakini nimeapa.

Nikaenda kwake, asije akasikia kwa watu. Alikuwa anagongomea bawaba ya mlango. Nikamwambia. Akaendelea kugonga mpaka msumari ukazama wote. Akasema, "Ningekuwa wewe, dada, ningenyamaza." Kisha akanitolea kiti. Nikalia. Yeye hakulia.

Nikamwambia ajenge kwangu, palipo banda la kuku.

Alhamisi, tarehe 16
Kumetulia. Maji yamejaa, hayana sauti. Nimeoga, nimevaa buibui. Uji sikuumaliza. Goti linauma, lile la kushoto, toka nilipoanguka harusini kwa... hayo baadaye. Kuku nimewahamishia uani, nafasi ya Kahindi iko wazi.

Mlangoni kuna mtu. Kahindi. Kaja na fimbo yake, ananipa niegemee.

"Bi Mwanaisha, twende. Wanakungoja."

Weka kalamu, Rukia. Naenda.