Mjukuu Kageukia Halua

Ubongo wa mjukuu wetu mzima, daktari kaupima kwa altrasaundi mbele ya macho yangu. Sasa shikamoo, dada Mwanaidi, na wote huko Chwaka.

Mara ya mwanzo mtoto alilala vibaya tumboni, ubongo haukuonekana, na binti yangu Zuhura akalia njia nzima mpaka nyumbani kwake Michenzani. Nikaweka nadhiri ya maulidi.

Leo tena kakificha kichwa. Daktari akasema, "Mama, ale kitu kitamu, atembee kidogo, pengine mtoto atageuka." Mkobani nna halua. Kala Zuhura, foleni nzima ikala, na daktari nkampa kipande. Haukupita muda, mjukuu kageuka kama kaitwa.

"Ubongo unakua kawaida," daktari akasema.

"Kawaida kwa watoto wa watu," nkamjibu. "Huyu kaijua halua na bado hajazaliwa. Tazama tena, mwanangu."

Akatazama tena, akasema kawaida. Nnamwelewa, anaogopa kumsifu asije akamtia jicho.

Mungu akupe uzima, dada, umpakate. Nadhiri haichezewi: maulidi hapa kwa Zuhura, nyote mje, Alhamisi baada ya Alasiri.