Pampu Iliyotuponza Ng'ambo ya Mbwemkuru

Jumanne, 7 Julai 1953

Pancha nyingine. Tairi la nyuma, kama jana. Nimepindua baiskeli, nimetoa mpira, nimeuzamisha kwenye sufuria ya maji kutafuta povu. Solusheni, kiraka, pampu. Hasani alikaa kivulini akitafuna muhogo mbichi. Hakunyanyua kidole.

Nachingwea tumeipita asubuhi. Mashamba ya karanga niliyotengenezea matrekta sasa ni magugu. Karakana yetu imefungwa. Sikuteremka.

Hasani ni kaka wa mke wangu Zainabu. Sikumwalika. Niliposema kule Nkowe kwamba nitavuka bara zima kwa baiskeli, nikaione bahari ya upande wa Kongo, wakwe zangu walicheka. Nilipofunga mzigo kwenye keria wakaacha kucheka. Mjomba wao akasema wanaokwenda magharibi hawarudi, wanaishia migodini na kuoa huko huko. Akamtoa Hasani anifuate kwa baiskeli yake. Nimepewa askari kama mahabusu.

Zainabu alikuwa anapura ufuta. Aliendelea kupura.

Alhamisi, 9 Julai

Mchanga. Leo tumesukuma zaidi kuliko tulivyopanda. Mbung'o wanauma juu ya shati. Mkono wa kushoto umevimba.

Hasani anaimba akisukuma. Wimbo mmoja tangu Ruangwa. Namchukia.

Ijumaa, 10 Julai

Hasani amegoma kuondoka kabla ya sala ya Ijumaa. Siku imepotea. Nimesali nami, lakini moyo haukuwapo.

Watu wa kijiji hiki wananitazama vibaya. Wameniuliza tunauza nini. Nikasema hatuuzi. Tunanunua nini? Hatununui. Jibu hilo halikuwapendeza. Mtu asiyeuza wala kununua anatafuta nini porini? Imamu, mtu mpole, alimvuta Hasani kando. Kumbe kuna uvumi wa mumiani, wageni wanaopita wakinyonya watu damu. Akatushauri tusilale nje ya vijiji na tusipite visimani.

Nilimwambia Hasani huo ni upuuzi wa washamba. Akasema, "Sisi nasi ni washamba, shemeji."

Jumapili, 12 Julai

Mbwemkuru. Maji yamepungua, lakini katikati yanafika kifuani. Tulivuka na baiskeli mabegani. Hasani aliteleza, mfuko wa unga ukaenda na maji. Nilimtukana. Nilimtukania mpaka mama yake, ambaye ni mkwe wangu. Nimejuta nusu.

Akakaa ukingoni, maji yanamtiririka. "Turudi, shemeji. Umeshaonyesha. Hakuna atakayekucheka."

"Rudi wewe."

"Nikirudi peke yangu wataniuliza nimekuzika wapi."

 Tumechimba ming'oko, viazi vya porini, tumechemsha, tumekula kila mtu amempa mwenzake mgongo.

Jumatatu, 13 Julai

Pancha. Tundu ni dogo na limenyooka, kama la sindano. Mwiba hautoboi hivi. Nilimtazama Hasani, naye akatazama miti. Tangu leo nalala na baiskeli yangu kando ya kichwa.

Msitu hauishi. Hakuna mtu, hakuna moshi. Kinyesi cha tembo njiani, bado kibichi. Ninaogopa. Sitamwambia.

Alhamisi, 16 Julai

Niandike yaliyotokea.

Jana tulifika kwenye vijumba vya Wangindo. Koo zimekauka. Hasani alisema tuingie kwanza kwa jumbe wao tujitambulishe. Mimi nikamwacha njiani, nikaenda moja kwa moja kisimani. Kulikuwa na pancha tena. Nikatoa mpira, nikauzamisha majini, pampu nimeiweka kando.

Akaja mwanamke na mtungi kichwani. Aliniona nimechuchumaa na ule mpira mwekundu mkononi. Mpira mrefu, mwekundu, unatoa maji, ukiutazama ni utumbo. Akaona na pampu na kijibomba chake. Mtungi ukaanguka. Alipiga yowe ambalo bado nalisikia.

Walikuja wanaume wengi, wana mikuki na marungu. Sikijui Kingindo. Nilisema Kiswahili, nikasema mimi fundi, nikainua pampu niwaonyeshe. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Waliponiona nimeinua pampu walinirukia. Wengine wakaivuta baiskeli yangu, wakaitia nyasi na moto. Tairi zilitoa moshi mweusi na uvundo, nao wakazidi kuamini.

Nililala kifudifudi nikisoma shahada. Hasani akanirukia mgongoni. Sikujua ni yeye, nilidhani ni wao. Rungu lililokuwa linashuka kwangu lilimpata gotini. Nilisikia mfupa.

Hakulia. Alianza kusema Kingindo, pale pale juu yangu. Bibi yake mzaa baba alitoka huku, mimi sikuwahi kuuliza. Alitaja majina ya watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mzee mmoja nyuma akaitikia jina. Marungu yakasimama.

Jumbe wao ana kikohozi, na alituogopa kama wenzake. Hasani akaomba pampu. Akafunga kijibomba kwenye mkono wake mwenyewe kwa kitambaa, mbele ya wote, akamwambia jumbe, "Vuta. Damu ikitoka, tuueni." Jumbe akarudi nyuma. Hakuna mwanamume aliyetaka kuigusa.

Aliyekuja ni yule mwanamke wa mtungi. Alisukuma mara ya kwanza amefumba macho. Upepo tu. Akasukuma tena. Akafungua kijibomba, akajielekezea shavuni, akasukuma, upepo ukampiga, nywele zikainuka. Akatamka neno moja na watu wakacheka. Hasani akanitafsiria yote baadaye. Mwanamke alisema: "Hii inatapika, hainyonyi."

Wametupa kibanda na uji. Hawajaomba radhi. Goti la Hasani limevimba kama boga.

Ijumaa, 17 Julai

Imebaki baiskeli moja, ya Hasani. Wanakijiji hawakuichoma, waliiweka kwa jumbe, salama.

Asubuhi Hasani aliniita. Amelala chali, uso umekuwa wa majivu. "Ile pancha ya Nachingwea ni mimi. Na ya Jumatatu. Zilizobaki ni miiba."

  Ningempiga kama si lile goti.

Kisha akasema, "Chukua baiskeli yangu uende. Mimi nitabaki na hawa hadi nipone. Nitamwambia Zainabu umeliwa na simba. Atakaa eda, ataolewa. Wewe kaione bahari yako."

Alisema kwa utulivu, kama anayeniazima jembe. Sijawahi kutukanwa hivi na mtu anayenifanyia hisani.

Jumamosi, 18 Julai

Nilikwenda.

Nilifunga mzigo alfajiri, nikapanda, nikashika njia ya magharibi. Njia ilikuwa ngumu na nzuri, haina mchanga, tairi zinakwenda zenyewe. Hakuna mtu nyuma yangu. Hakuna anayeimba. Siku zote nilikuwa naiota asubuhi ya namna hii.

Nilipofika kwenye kijito nilishuka kunywa. Nikakaa. Nikaanza kusikia maneno atakayoyasema Nkowe, kwa sauti yake ile ile ya taratibu. Simba. Alikuwa mtu mwema. Mjomba atatikisa kichwa. Zainabu atalia, au hatalia. Hasani atakuwa mlemavu na mwenye haki, nami nitakuwa maiti mwenye baiskeli ya wizi.

Ni hasira iliyonigeuza. Nasema kweli, huruma sikuiona. Nilirudi nikikanyaga pedeli kwa ghadhabu hadi mnyororo ukatoka.

Hasani aliponiona mlangoni alifumba macho. "Mjinga wewe," akasema.

"Nyamaza. Panda."

Jumanne, 21 Julai

Yeye juu ya keria, mguu umefungwa kwa vijiti. Mimi nasukuma. Kila jiwe analigumia. Amenilaani, nami nimemlaani. Leo tumevuka tena Mbwemkuru, watu wawili wa kule kijijini wametusaidia kumbeba. Mmoja wao nadhani ndiye aliyechoma baiskeli yangu. Amembeba Hasani kwa uangalifu kama yai. Sikumshukuru.

Viganja vyangu vimechubuka. Hasani ana homa. Usiku anamwita mama yake. Mchana ananiambia nasukuma kama mwanamke mjamzito.

Jumanne, 28 Julai

Hospitali, Nachingwea. Mganga amesema goti halitakunjika tena, ila mguu hautakatwa. Hasani alisikia akiwa amegeukia ukutani. Nilikaa kwenye benchi la nje. 

Zainabu alipata habari, akafika saa za adhuhuri, kwa miguu kutoka Nkowe, vumbi hadi magotini. Alinipita mlangoni bila salamu. Nilimsikia ndani akizungumza na kaka yake kwa Kimwera, sauti ya chini, kwa muda mrefu. Hasani alicheka mara moja.

Kisha akatoka na sufuria. Mbaazi na ugali wa mtama. Alikaa mwisho wa benchi, mbali nami. Akapakua sahani ya Hasani, akaifunika. Akapakua nyingine, akaisogeza katikati yetu na bakuli la maji ya kunawa.

"Yanapoa," akasema.

Nimenawa. Tumekula.